Jivu Lilivyotoka Mlangoni Likapanda Usoni

Sogeeni huku, moshi umegeuka. Matawi haya ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana ni makavu, yataungua sasa hivi, lakini lazima majivu yapoe ndipo tuyachekeche tumpelekee padri. Muda tunao. Eusebia, bi harusi wetu, wewe hujamaliza hata mwaka hapa Lingonde, na umeniuliza jambo ambalo wenzako hawa waliozaliwa hapa hawajawahi kuniuliza. Kwa nini majivu ya Kwaresima hupakwa usoni? Kwa nini si mkononi, maana mkono ndio unaoiba? Kwa nini si mguuni, maana mguu ndio unaokwenda kusikofaa? Ukimuuliza padri atakujibu kwa kitabu, na jibu lake ni la haki. Mimi Gaudensia kitabu sina. Nina maneno niliyopewa na bibi yangu mzaa mama, naye hakuwa mtu wa kuchekacheka ovyo.

Kabla ya kanisa hili, kabla ya barabara, kabla hata ya shina la kwanza la kahawa kupandwa kwenye mteremko ule, watu wa Lingonde walijuana kwa nyayo. Nyuso hawakuwa na haja nazo. Jivu siku hizo kazi yake ilikuwa mlangoni. Jua likianza kushuka, kila mwenye nyumba alichota jivu la jikoni kwake, akalinyunyiza mbele ya kizingiti, akalisawazisha kwa ufagio mpaka likalala laini. Asubuhi, kabla ya kunawa na kabla ya kumsalimu mkewe, alitoka nje akainama kusoma ni nani aliyepita.

Na kusoma walijua, usiwaone hivyo! Huyu kidole gumba kimekwenda upande, yule kisigino kimepasuka, yule anavuta mguu wa kushoto. Mkikutana njiani, mwenzako hakukutazama machoni. Aliitazama miguu yako, akauliza, "Umeamkaje?" Ukimjibu kwamba umeamka salama, anakuuliza tena, "Umeamkia wapi?" Ndiyo salamu hiyo. Kumjulia hali mgonjwa ilikuwa shida, maana kesho yake ungeulizwa ulifuata nini kwa watu. Mwanamke moto ukimzimikia alikuwa radhi watoto wake washinde na njaa kuliko kuacha unyayo kwenye jivu la jirani. Waliishi hivyo miaka na miaka, na kila mmoja alijiona mwerevu kuliko mwenzake.

Sasa, Lingonde nzima ilikuwa na kihenge kimoja cha mbegu. Msifikiri kilikuwa kimoja kwa sababu ya mapenzi. Kilikuwa kimoja kwa sababu hawakuaminiana. Walisema mbegu za ulezi zikikaa kwa kila mtu, mwenye roho nyepesi atazila njaa ikibana, halafu msimu ukifika aje kulia kwa wenzake. Basi wakaziweka zote pamoja, uani kwa Mzee Kinunda, karibu na jiko lake la nje. Mzee huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa kusoma nyayo. Ilisemwa kwamba anaweza kuutazama unyayo wako akakwambia kama ulikuwa umeshiba au una njaa ulipoukanyaga. Watu walimwogopa, na kwa kuwa walimwogopa walidhani wanamwamini.

Kila mwezi ukiandama, walikusanyika uani pale, wakachomeka kijiti ndani ya kihenge mbele ya wote ili kuona mbegu zimefika wapi. Mwaka mmoja mvua ikachelewa. Mwezi wa kwanza kijiti kikaonyesha mbegu ziko pale pale. Wa pili, zimeshuka kidogo, watu wakatazamana miguu. Wa tatu, lo! Zimeshuka shubiri nzima.

Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Labda panya."

"Panya wa miguu miwili," akajibu Mzee Kinunda. "Mbegu haziendi zenyewe. Mwenye miguu tutamwona."

Jioni ile ile akamwaga jivu nene kukizunguka kihenge chote, mpaka mlangoni mwa jiko, akalisawazisha huku watu wanatazama. Kuanzia hapo kijiji kikawa hakikaliki. Mtu akipika uji, majirani wanasimama kunusa ni uji wa nini. Mtoto akionekana ana shavu, mama yake anaulizwa. Mke anamshuku mume, mume anamshuku mkwe. Wengine walianza kujipaka jivu nyayo zao kwa makusudi na kukanyaga mlangoni kwao wenyewe, ili wapate ushahidi kwamba walikuwa wamelala ndani. Nacheka, lakini bibi yangu hakucheka aliponisimulia.

Siku ya nne asubuhi unyayo ukaonekana. Hakukuhitajika bingwa kuusoma. Ulikuwa mguu mdogo wa kulia usio na kidole cha mwisho, na Lingonde nzima mguu huo ulikuwa mmoja tu, wa Nambinga. Huyu alikuwa mjane, mama wa mtoto mmoja wa kike aitwaye Sikitu. Kidole kile kilikatwa na jembe wakati wa palizi, mwaka ule ule mumewe alipofariki.

Wakamfuata nyumbani, wakamleta uani. Nambinga hakuukana mguu wake.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto alikuwa na homa. Nimempakata, nikasahau kuchochea moto, ukazimika. Kulipopambazuka nikaja kuomba moto hapa, maana hapa ndipo nilipoona moshi. Nimepiga hodi mara tatu. Sikuitikiwa. Nikaokota kaa moja jikoni kwa kigae, nikaenda zangu. Mbegu sikuzigusa, jamani."

Watu walicheka. Moto! Alfajiri! Kwa Kinunda, kwenye jivu! Mama mmoja jirani yake, jina lake Nahyera, akamuuliza mbona hakwenda kwake aliye karibu. Na huyu Nahyera kwa miaka sita alikuwa akimwaga jivu mara mbili upande wa njia inayotoka kwa Nambinga, na kila mtu alijua.

Wakaenda kupekua kwake. Wakapindua vyungu, wakakung'uta mkeka, wakachungulia mpaka chini ya vigoda. Hawakukuta hata punje moja. Mnadhani walimwachia? Hata! Wakasema, "Si mnaona? Ameshazila zote." Mtu akishakushuku, ukiwa nacho ni mwizi, ukikosa ni mwizi mjanja. Wakamwagia maji jiko lake mpaka likazimika, na hiyo ndiyo ilikuwa alama kwamba mwenye nyumba si mtu wao tena.

Hukumu ya mwizi wa mbegu ilikuwa kuvushwa mto. Lakini hakufukuzwa hivi hivi. Kila nyumba ilileta jivu la jiko lake, na mkubwa wa kila nyumba akampaka mwizi usoni, mmoja baada ya mwingine, ili huko ng'ambo atakakokwenda watu wamwone na wajue ametoka wapi na kwa nini. Mtu wa namna hiyo hakuna aliyemfungulia mlango. Mwaka wa mvua, pengine angepata mizizi ya kuchimba. Mwaka ule wa ukame, mjane na mtoto aliyetoka kuugua homa wasingeuona mwezi mwingine ukiandama. Kila aliyechota jivu kesho yake asubuhi alilijua hilo, na alichota.

Sasa niwaambieni alilolijua mtu mmoja tu. Mbegu alichukua Mzee Kinunda mwenyewe.

Msishtuke. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi husema kila siku halafu tunaendelea kutazama nguo za wenzetu. Mzee yule hakuwa na njaa kuliko wengine. Alikuwa na hofu. Kila alipokitazama kihenge aliona mikono ya watu ndani yake. Alimshuku huyu, akamshuku yule, akajiambia, "Hawa wataziiba zote, na msimu ukifika wajukuu zangu watakosa. Afadhali nitangulie." Basi akatangulia. Jivu lilimwagwa jioni, yeye alichota mchana kweupe, wakati wenzake wako mashambani, maana hakuna aliyepewa kazi ya kumlinda mlinzi. Jivu lile la kuzunguka kihenge alilimwaga ili aonekane ana uchungu na mali ya watu. Unyayo wa Nambinga ulipotokea, bibi yangu alisema, mzee alishusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Sitaki hata kuifikiria pumzi ile, inanitia hasira mpaka leo.

Wakamleta Nambinga katikati ya uwanja, jua limekwisha panda. Watu wamejipanga, kila mmoja na jivu lake, mwingine mkononi, mwingine kwenye kipande cha chungu. Yeye akapiga magoti, akafumba macho. Wa kwanza kupaka alipaswa kuwa Mzee Kinunda, kwa kuwa ndiye mlinzi wa mbegu. Akaja na jivu limejaa kiganja.

Sikitu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amedhoofu, shingo nyembamba. Hakuna aliyemweleza kitu. Aliona watu wote wamekuja, aliona mama amepiga magoti, akadhani ni jambo wanalofanyiwa watu wanaokwenda safari. Naye akapiga magoti kando ya mama, akainua uso, akasema, "Na mimi, babu. Nipake na mimi."

Mzee Kinunda kwa mazoea alitazama chini, kuitafuta miguu ya mtoto. Lakini aliyepiga magoti miguu yake iko nyuma, haionekani. Palipokuwa pa kutazama ni usoni tu. Na bibi yangu alisema ilikuwa miaka mingi mzee yule hajatazama uso wa mtu kwa karibu hivyo. Akaona macho mawili yamemkodolea, na ndani ya macho yale hakuna shaka hata kidogo. Katika Lingonde nzima, mtoto yule peke yake ndiye ambaye hakumshuku mtu. Alikuwa anangoja apakwe.

Mkono wa mzee ukabaki hewani, jivu likawa linamwagika kati ya vidole. Watu wakaanza kunung'unika, mbona anachelewa? Ndipo alipougeuza mkono. Akajipaka mwenyewe, kwenye paji la uso, mbele ya wote.

"Mwizi ni mimi," akasema. "Mbegu ziko darini kwangu, ndani ya chungu kikubwa. Nilizichota mchana. Huyu mwanamke alikuja kuomba moto."

Mnafikiri walimwamini? Watu waliozoea kushuku hushuku hata toba! Mmoja akasema mzee amechanganyikiwa kwa jua. Mwingine akasema, aah, anamkingia mjane huyu, ana lake jambo naye. Mpaka vijana wawili walipopanda darini, wakashusha chungu, wakakiinamisha, ulezi ukamwagika hapo chini. Ndipo wakaamini.

Halafu hasira ikawajia. Wakaanza kumsogelea Kinunda na majivu yao, kwamba basi avushwe yeye. Na angevushwa kweli, kama si Mbelenje. Mbelenje alikuwa jirani wa mzee, nyumba zao zimepakana ua kwa ua, mtu mkimya, hana ugomvi na mtu wala hana rafiki. Akatokea mbele, akasema kwa sauti ambayo wengi hawakuwahi kuisikia.

"Hodi nilizisikia," akasema. "Zote tatu. Na 'naomba moto' nilisikia. Jana mlipomuuliza nilikuwepo, nikanyamaza. Niliogopa mtasema nimejuaje, mtasema nilikuwa naye."

Naye akajipaka. Nahyera alikuwa amesimama na jivu lake kwenye kigae. Akalitazama, akamtazama Nambinga, akakumbuka ile miaka sita. Akajipaka, akaanza kulia kwa sauti. Kuanzia hapo hakuna aliyengoja mwenzake. Huyu alikumbuka jinsi alivyocheka, yule alikumbuka alivyomwaga maji jikoni. Wengine, nisiwadanganye, walijipaka kwa sababu wenzao wamejipaka, na walichungulia pembeni kuona nani hajajipaka. Watu ni watu. Lakini jivu lote lililoletwa kwa ajili ya uso mmoja likaisha kwenye nyuso za waliolileta, na hakukuwa na mtu uwanjani wa kumfukuza mwenzake. Usafi wa uso walibaki nao wawili tu, mama na mtoto.

Mzee Kinunda akapiga magoti mbele ya Nambinga akamwomba radhi. Nambinga akainuka, akamshika mtoto wake mkono.

"Nipe moto kwanza," akasema. "Jiko langu mmelizima."

Basi mzee akainuka, akaenda jikoni kwake, akaokota kaa kwa kigae, akalibeba kwa mikono yake mwenyewe, kijiji kizima kikimtazama, akapita njiani mpaka kwa Nambinga akapuliza hadi moto ukashika. Nilimuuliza bibi yangu kama Nambinga alimsamehe siku ile. Akanijibu, "Wewe ungesamehe?" Ninachojua ni kwamba Nambinga hakuvuka mto. Mvua ilinyesha baada ya siku kumi na mbili, mbegu zilizobaki zikapandwa, mavuno yakawa haba, na mwaka ule walikula kidogo kidogo wote, mjane akiwemo.

Na tangu asubuhi ile, Eusebia, hapa Lingonde jivu halimwagwi mlangoni. Ukiona mtu anamwaga jivu kwenye kizingiti, mkanye, hata kama ni mkwe wako. Mlangoni jivu linamtafuta mwingine. Usoni linamtaja mwenye uso. Padri wa kwanza alipofika huku na majivu yake, wanasema alikuwa na wasiwasi watu watayakataa, amejiandaa kueleza kwa kirefu. Hata hajafika katikati ya maelezo, wazee wakainuka wakamsogezea nyuso. Hawakusubiri aeleze. Na ndiyo maana pia Jumatano ya Majivu, kabla ya kwenda kanisani, mtu wa hapa huenda alfajiri kwa yule anayemshuku kuliko wote, akapiga hodi, akaomba kaa la moto. Si kwa rafiki yake. Kwa yule anayemshuku. Akipewa, analipeleka jikoni kwake, ndipo aende kupakwa majivu. Wengi siku hizi wanaruka hapo, wanasema kila mtu ana kiberiti. Haya.

Naona yamepoa. Nipeni chekecheke. Ninyi wengine tangulieni na ungo, na wewe Desderia ngoja kidogo, tena hapana, sikieni wote, maana neno lenyewe nililisema mbele za watu. Jogoo wangu alipopotea mwezi wa kumi, mimi nilisema hakuchukuliwa na mwingine ila Desderia. Nililisema kisimani. Nililisema na kwenye jumuiya, siku ile ulipokuwa umekwenda kumwuguza dada yako. Aliyemchukua simjui mpaka leo, na labda ni kicheche. Kesho alfajiri nitakuja kwako kuomba moto. Nitapiga hodi mara tatu, na ukinyamaza humo ndani nitajua umenisikia, wala sitakulaumu.